Preampli Niliyoilehemu kwa Bati la Kampene

Baba alikuwa mshonaji, na mashine yake ya santuri aliipata kwa mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeondoka Kindu wakati maduka ya wageni yalipotwaliwa na serikali. Alipata sahani inayozunguka, spika mbili, na ampli, kikuza sauti cha kuendeshwa kwa betri ya gari, jambo lililotufaa, kwa kuwa umeme wa mjini haukuvuka mto kufika kwetu Alunguli. Kilichokosekana ni kitu kidogo cha katikati, preampli, kinachoichukua sauti dhaifu ya sindano na kuipa nguvu kabla haijaingia kwenye ampli. Bila hicho, ukifungua sauti mpaka mwisho, ulisikia mbu anaimba ndani ya chupa.

Nikasema nitaitengeneza. Sikuwa nimewahi kutengeneza chochote. Nilichokuwa nacho ni gazeti moja la Kifaransa lisilo na jalada, lenye mchoro wa preampli, na nilikuwa nimeutazama hadi nikaweza kuuchora mchangani kwa kidole.

Mjomba, kaka yake mama, alinunua na kuuza madini Kampene, naye alitaka kunipeleka kwenye mashimo. Alisema si vizuri kijana mwenye mikono mizima kukaa akipasua maiti za redio. Baba akamwomba muda. Wakakubaliana: mjomba akirudi na lori Ijumaa, akikuta santuri inaimba, mimi nitabaki, na baba ataniwekea meza ya ufundi kando ya cherehani yake. Isipoimba, nitapanda lori. Mjomba alikubali akicheka. Mimi nilikuwa nayaogopa mashimo yale tangu mtoto wa jirani aliporudishwa kutoka huko amefungwa ndani ya shuka. Sikumwambia mtu. Nilisema tu kwamba napenda muziki.

Transista, vile vipande vidogo vya kukuza sauti, nilizitoa kwenye redio zilizokufa. Waya wa lehemu, wa kuunganishia vipande, haukupatikana dukani popote. Lakini sisi ni watu wa nchi ya bati. Mjomba mwenyewe alikuwa ameacha nyumbani kibamba cha bati, kilichoyeyushwa kwa makaa na wachimbaji. Nikaona Mungu amenifungulia njia. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba lehemu ya dukani huchanganywa na madini ya risasi ili iyeyuke upesi, na kwamba bati tupu hudai moto mkali zaidi. Wakati ule nilijua tu kwamba linakataa. Nilichonga ncha ya kipande cha shaba, nikakitia mpini wa mti, nikakipasha kwenye mbabula ya mama, jiko lake la makaa. Kikiwa na moto mdogo, bati lilikaa juu ya waya kama uji uliolala. Kikiwa na moto wa kutosha, bati lilitiririka vizuri, na transista ikafa kwa joto. Haikutoa moshi wala harufu. Ilikufa tu, nami nikakaa na maiti isiyo na alama.

Wiki ile sikuwa mtu. Kiungo cha lehemu kikikaa vizuri, nilikivunja kwa sababu hakikung'aa kama kile cha pembeni. Niliondoka kwenye sahani ya chakula kwenda kutazama kiungo kimoja, nikarudi, nikaondoka tena. Mama alivumilia mbabula yake kutekwa, mpaka siku moja akaisukuma sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mbele yangu.

"Kula, baba. Ile chuma haina njaa."

Sikula. Tumbo lilikuwa limejaa lori.

Ijumaa asubuhi niliweka transista za mwisho nilizobaki nazo. Nilipoishusha sindano, gita liliingia chumbani kwetu, likafuatwa na sauti ya mwimbaji, nene, yenye pumzi. Baba aliacha suruali ya mteja chini ya cherehani akaja kusimama mlangoni.

"Njo ile," alisema. "Iko inaimba."

"Baba, iko na mukwaruzo. Sikiliza chini, kama nzi."

"Mimi nasikia gita." Alivaa kofia yake ya msikitini. "Usiguse tena. Unanisikia? Acha vile iko."

Nilimsikia. Nilikaa nimeikalia mikono yangu, na nzi yule akaendelea chini ya gita, chini ya ngoma, mpaka sikusikia kitu kingine. Nilikijua kiungo chenyewe, kile cha kijivu karibu na transista ya kwanza. Nilijiambia kwamba mjomba atausikia mkwaruzo, atacheka, atasema hii si kazi ya fundi. Nikapuliza makaa. Niligusa mara moja tu, kwa wepesi nilioweza. Kiungo kiling'aa kama jicho la samaki. Niliporudisha sindano, mbu alikuwa amerudi kwenye chupa yake.

Walikuja pamoja kutoka msikitini. Baba alikuwa akimwelekeza mjomba kitini kwa furaha ambayo sikuwa nimezoea kumwona nayo. "Kaa, shemeji. Leo utasikia." Akaishusha sindano yeye mwenyewe. Akaongeza sauti. Akaongeza tena, mpaka kitufe kikagoma, kisha akabaki amekishika.

"Ilikuwa inaimba asubuhi," alimwambia mjomba. "Mimi nilisikia na masikio yangu."

"Niligusa, baba."

"Najua. Mbabula iko na moto, na hakuna chungu juu."

Nilimngojea mjomba acheke. Tangu mwezi uliotangulia alikuwa akinitania kwa jina la "injenieri", na siku ile hakulitumia.

"Mwipwa," alisema, "beba blanketi. Kule asubuhi iko baridi."

Mama aliniingizia chikwangue, mkate wa muhogo, kwenye mfuko. Nikapanda juu ya magunia. Lori lilipoyapita mashamba ya mwisho ya Alunguli nilikuwa bado naipanga preampli kichwani, kiungo kwa kiungo, na hata pale, njia ya mashimo ikiwa mbele yangu, sikuweza kukubali kwamba kile cha kijivu kilistahili kuachwa.