Wiki Niliyoshika Orodha ya Wapiga Kelele

Ilianza Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Madam, mwalimu wetu wa darasa, alinipa kalamu nyekundu na karatasi iliyokatwa nusu, akasema, "Chebet, wiki hii wewe ndio monita." Darasa la tano lote lilicheka, kwa sababu mimi ndiye niliyewahi kuandikwa sijafika shule na nilikuwa nimeketi pale pale, naona aibu kuinua mkono. Faith peke yake hakucheka. Faith alijua.

Enzi zetu, na najua nina miaka kumi na saba tu, lakini kama ulisoma kabla ya huu mtaala mpya wa CBC basi wewe pia ni mzee kama mimi, hakukuwa na balaa kubwa kama kuandikwa. Mwalimu akitoka, monita anasimama mbele na kalamu. Ukiongea, jina linaingia. Ukiongea tena, unawekewa mara mbili. Ukimwomba akufute, anakuongeza moja kwa kelele ya kuomba. Tulienda shule na viatu vya plastiki vilivyolia kwa umande, mfuko wa nailoni ndio begi, mahindi ya kuchemsha ndani yakilowesha daftari la hesabu. Ijumaa tulibeba samadi ya kupaka sakafu ya darasa, na aliyesahau aliifuata barabarani nyuma ya ng'ombe wa watu, akiwabembeleza. Leo ndugu yangu mdogo Kiptoo akipita karibu na boma la ng'ombe anafunga pua kama mtalii.

Wiki iliyotangulia, monita alikuwa Faith. Ugomvi wetu ulianzia kanisani. Kwenye shule ya Jumapili tulikuwa tumepewa aya ya kukariri, ile ya kuwapenda adui na kuwaombea wanaotuudhi. Faith alikuwa na sauti ya kengele, haogopi mtu. Akasimama, akafika katikati, aya ikapotea. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikamnong'onezea. Haki nilikuwa namsaidia! Lakini mwalimu alinisikia, akanisimamisha, nikaisema yote huku nikitazama vidole vyangu vya miguu, nikapewa switi. Faith akakaa chini bila kitu. Kwa hivyo uadui wetu uliletwa na aya ya kupenda adui. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Basi Alhamisi Madam akasoma orodha ya Faith. "Kiprono mara mbili. Mercy mara moja. Chebet mara nne." Akashusha karatasi. "Hata Chebet?"

Watu walicheka mpaka dawati likaanguka. Nilitaka kusema kwamba sikuongea, lakini kusema ndiko kulikokuwa shida yangu. Jioni hiyo tulioandikwa tulipelekwa kuchuma chai ya shule, ile mvua yetu ya saa tisa ikishuka bila huruma, sketi zimelowa na vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Faith akapita kando ya shamba na wenzake wa kwaya. "Chebet, punguza sauti! Majani yanataka kulala!" Wakakimbia wakicheka. Nilikata chipukizi kana kwamba ni shingo.

Sasa kalamu ilikuwa kwangu, na Madam mwenyewe akaiongezea makali. "Ijumaa tunaenda mashindano ya muziki Bomet," alisema. "Nikikuta jina la mtu wa kwaya kwenye orodha ya leo, huyo anabaki." Faith ndiye alikuwa anaongoza wimbo. Hakuwa amewahi kupita soko la Kapsoit. Gogo yake, yaani nyanya yake, angetoka Sigor kuja kumsikia, na tulikuwa tumeambiwa habari ya viatu vyake vipya mpaka tukavijua kuliko vyetu.

Madam hakuwa hata amefika kwenye mlango wa ofisi. Niliandika: *Faith mara sita.* Sita, ili zizidi zangu.

Kisha nikainua macho nimwone akipiga hizo kelele. Wapi! Ameweka mikono juu ya dawati, amekaza midomo, mashavu yamevimba kama ya chura. Mercy akamtekenya, hakucheka. Kiprono akaanguka na kiti chake, darasa lote likalipuka, Faith akauma mkono wa sweta. Siku nzima alikaa hivyo. Sijawahi kuona mtu akiteseka kwa kunyamaza, maana mimi huwa nanyamaza bure.

Jioni Madam akaitwa mkutanoni, akasema orodha itasomwa kesho paredi, shule nzima ikiwa mistarini. Nikaikunja, nikaificha kwenye soksi.

Nyumbani Mama alivuta soksi zangu aanike karibu na moto, karatasi ikaanguka miguuni pake. Akaisoma polepole.

"Huyu Faith ni wa hapa chini, karibu na mto?"

"Ndiyo, Mama."

"Na alipiga kelele mara sita?"

Nikatazama sufuria.

"Wewe mtoto, nimeuliza."

"Hakupiga."

"Hata moja?"

"Hata moja. Lakini Mama, yeye aliniandika nne na mimi sikuwa nimeongea!"

Mama akageuza ugali mara mbili, tatu. "Sawa. Darasa la tano lilikuwa na mwongo mmoja. Sasa mko wawili." Akapunguza kuni. "Si ni wewe ulisema ile aya ukapewa switi?"

"Ni mimi."

"Switi uliimeza. Na aya uliitema?"

Chakula kilipokuwa tayari, ugali, mboga ya isagek na maziwa ya mursik kwenye vikombe, Mama akasema ni zamu yangu kuomba, na nimtaje Faith kwa jina. Nikafunga macho. Jina likakataa kutoka. Kiptoo, ambaye hata nasari hakuwa ameanza, akanipiga kiwiko. "Chebet, omba haraka, ugali inapoa!"

"Mungu," nikasema, "mbariki Faith. Lakini usimbariki sana."

Mama akakohoa ile kukohoa ya kuficha kicheko. "Anza tena."

Nilianza mara tatu. Ya tatu ndiyo ilikubaliwa, na mursik ilikuwa imeshaacha povu. Siwezi kudanganya humu kwamba baada ya amina nilimpenda. Bado nilikuwa na hasira. Ila hasira ilikuwa imepungua uzito kidogo, kama kikapu ukishapunguza majani yaliyolowa.

Siku hizi Kiptoo na wenzake wakikosana, wanaandikana kwenye simu za mama zao. Mtu anapiga picha maneno yako, anayatuma kwa watu arobaini, na hata ukimsamehe mwaka ujao, picha bado iko. Nawaonea huruma. Sisi ubaya wetu ulikuwa nusu ya karatasi, na karatasi inashika moto. Faith sasa anasoma sekondari kule kwa gogo yake Sigor. Likizo akija, hunikuta kwa chai yetu na kuniongelesha mpaka kikapu kinajaa, na mimi huitikia kwa kichwa. Wakati mwingine natamani turudi pale, viatu vyetu vikilia kwenye umande, na ubaya wote wa dunia ukitosha ndani ya soksi.

Asubuhi baada ya maombi yale niliamka kabla Mama hajaniita. Nikaweka ile karatasi chini ya kuni, nikaiwasha, nikachemsha chai ya nyumba nzima juu yake. Kisha nikachana ukurasa wa daftari na kuandika orodha ya kweli: *Kiprono mara tatu.* Kiprono hakuwa kwa kwaya, na kuandikwa alikuwa amezoea.

Paredi, Madam akaisoma, akaigeuza upande wa pili kutafuta majina mengine. Faith alikuwa mstari wa mbele, macho chini, anasubiri.

"Kiprono peke yake?" Madam akauliza. "Wengine wote walinyamaza? Hata Faith?"

Nikasikia mtu akijibu kwa sauti kubwa, mpaka mpishi akatoa kichwa jikoni. Nilikuwa mimi.

"Hata Faith, Madam! Hakuongea hata mara moja!"

Faith akaruka juu na kupiga ukelele wa furaha, mbele ya shule nzima, mbele ya mwalimu mkuu. Watu wote wakageuka kunitazama, waone kama nitamwandika. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu, na wiki ilikuwa bado yangu.

Nikaitia mfukoni.