Niliukomesha Mvujo, Nikamkosa Spès

Jamani, kosa ni langu. Sitamsingizia shetani, siku ile hakuwepo. Tulikuwa mimi, spana na mdomo wangu.

Nilikuwa namchumbia Spès, binti wa mtaa wa Carama. Baba yake ni mzee mstaafu mwenye pikipiki iliyomzidi Spès umri, na sikuwahi kujua anampenda nani zaidi. Anaifuta kila asubuhi. Pale anapoiegesha pana doa jeusi la mafuta, na mzee huliongelea kama watu wanavyoongelea maumivu ya magoti.

Siku moja akaniambia, "We kijana, Spès anasema unajua mambo ya mashini. Utanisaidia iyi pikipiki? Inavuja pale kwa boliti ya bomba ya mafuta ya injini."

Mashini! Mimi ni karani wa bohari kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Mashine ninayoimudu ni ile ya kubania karatasi. Lakini baba mkwe mtarajiwa akikuuliza, utasema hujui? Nikajibu, "Baba, niachie mimi. Wewe usiiguse hata kidogo!"

Mzee akanipa ufunguo, akasema, "Aya." Nikadhani amefurahi.

Nikaisukuma hadi kwangu. Nikakaza boliti, tone likadondoka. Nikakaza tena, likadondoka. Nikaona boliti hii ina kiburi, nami kiburi sijapungukiwa, nikaikanyagia spana kwa mguu. Krak! Ikaanza kuzunguka bure, nyuzi zake za kukazia zote zimekwisha.

Mwenye akili angerudi kwa mzee akakiri. Mimi nikakimbilia dukani kununua silikoni, ile gundi nyekundu ya mafundi. Nikaijaza ndani, nikarudisha boliti, nikapaka na juu, nikapaka tena, kama mtu anayepaka siagi ya jirani. Kulipokucha nikachungulia. Kavu! Hata tone!

Mungu wangu, nilivyojivuna! Niliirudisha mchana, majirani wakiona. Nikamwita na mama Spès aje apitishe kidole. Mzee akachuchumaa, akatazama sana, akasema, "Kweli, haivuji."

Akavaa koti lake. Akasema anapanda mlimani Kiriri kwa kaka yake mkubwa, kumwambia kuwa Spès amepata mtu. Katika ukoo ule, bila neno la huyo kaka hakuna posa. Nikamshikia hadi kofia!

Hakufika. Katikati ya mlima injini ikakwama, gurudumu la nyuma likajifunga, mzee akaenda chini. Namshukuru Mungu aliumia kiwiko tu. Kumbe pikipiki haikuvuja kwa sababu mafuta hayakuwa yakipita kabisa! Silikoni yangu ilikuwa imeziba bomba, injini ikaungua kwa ukavu.

Mzee aliifungua mwenyewe uani, mkono umefungwa bendeji, mimi nimesimama kando kama mfiwa. Akachomoa kipande chekundu, kirefu kama mnyoo, akakiweka chini. Nikangoja matusi. Laiti angenitukana!

Akatoa mfukoni rondela mbili za shaba, vile vipete vya kuziba chini ya boliti, mpya, zinang'aa. "Izi nilikuwa nazo mbele ya kukuuliza," akasema. "Ni kubadilisha tu, kazi kidogo. Mi naijua iyi pikipiki. Nilisema unisaidie. Nilitaka mutu wa kunipa spana, tukae, tuongee, nione mutoto wangu anaenda na nani."

"Na sasa, baba?"

"Sasa nimeona."

Spès alinisindikiza hadi barabarani. "Si ungesema tu apana, mi sijui?" akaniuliza. Tangu hapo simu yangu hapokei, na nimelia, msinicheke, mimi mwanamume mzima nimelia.

Juzi nilipita pale Carama, eti nina safari zangu. Mzee alikuwa amechuchumaa penye pikipiki, na kando yake kuna mwanamume nisiyemjua anamshikia spana. Hajui kitu yule! Kila chombo anauliza, "Mzee, na iyi ni ya nini?" Na mzee anamweleza huku anacheka. Spès akatoka na chai, vikombe viwili.

Ndugu zangu mnaochumbia, nawasihi. Boliti ikivuja, badilisha rondela, usishindane nayo nguvu. Na mzee akikuomba umsaidie, msaidie. Usimpokonye kazi yake ukaondoka nayo, maana huenda kazi ilikuwa ni kukutazama wewe.