Mtetemo Mkononi

Juu ya kabati la sebuleni kwa Gisèle, mtaa wa Murara, palikuwa na chupa ya maji ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa. Mgeni akinyoosha mkono kuichukua, Gisèle alimrukia kama mtu aliyetaka kuiba kikombe cha misa. Maji yale yalikuwa mlinzi wake. Yakitulia, ardhi imetulia. Yakicheza, ni kukimbia.

Woga huo aliupata mwaka ule mlima wa Nyiragongo ulipotapika moto, watu wakashika njia ya Sake na magodoro kichwani. Gisèle alipita kando ya ziwa la Lac Vert kwa miguu huku ardhi ikimchezea chini ya nyayo, na siku nyingi baadaye iliendelea kumchezea. Wenzake waliporudi mjini walifagia nyumba, wakafungua maduka, wakaanza tena kugombania mipaka ya viwanja kama kawaida yao. Yeye alirudi na woga wake mzima mzima. Akampeleka binti yake, Bibiche, kusoma Bukavu kwa shangazi, ingawa kila mtu alimwambia kwamba huko nako kunatetemeka.

Kazi yake ilikuwa kuuza dawa katika duka dogo kando ya barabara. Lori la makaa likishuka kutoka upande wa Kibati, chupa za dawa ya kikohozi ziligongana rafuni, na kabla lori halijapita Gisèle alikuwa nje zamani, amemwacha mteja na kikohozi chake. Waendesha pikipiki walicheka hadi wakaegemea usukani. Yeye hakuona cha kuchekesha. Moyo ulimwenda mbio mpaka jioni.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kazi zaidi. Alisikia mtetemo kitandani, jikoni, hata kanisani akiwa amepiga magoti. Usiku mapigo ya moyo wake mwenyewe yalitikisa godoro, naye akapiga kelele watu watoke. Mume wake, Zihindula, fundi wa redio na televisheni, mtu mpole wa kutisha, mwanzoni alikimbia. Baadaye akawa anatembea. Mwishowe akawa anageuka upande wa pili na kuvuta shuka. Aliyeendelea kutii ni mama yake Zihindula, mama Cibalonza, mjane aliyetoka Kabare kuja kutibiwa macho na hakurudi tena. Alilalamika njia nzima, lakini alitoka.

Mpaka siku ile alipotoka kwa haraka mno, akajikwaa kizingitini na kuvunjika mguu. Na ardhi haikuwa imetetemeka hata kidogo. Ilikuwa mashine ya kusaga ya jirani.

Mguu uliungika vibaya, na tangu hapo mama Cibalonza alitembea kwa fimbo, polepole. Gisèle aliapa mbele ya mume wake, mama mkwe wake na picha ya Bikira Maria kwamba hatapiga kelele tena.

"Ukipiga tena makelele ya bure," mama Cibalonza alimwambia, "miye narudia Kabare, hata na muguu moja."

Sasa Gisèle alikuwa na woga wa pande mbili. Akipiga kelele bure, atamvunja bibi wa watu mara ya pili. Akinyamaza siku ya kweli, atamzika. Maana kitanda cha mama Cibalonza kiligusa ukuta wenye ufa, ufa mrefu wa tangu mwaka ule wa moto, ambao Zihindula aliuziba kwa saruji na kujisifu. Gisèle aliomba kitanda kisogezwe. "Miye nalala fasi yangu," akajibiwa, na kitanda kikabaki mahali pake.

Ndipo Zihindula akaleta nyumbani mashine ya michezo, ile ya kizamani ya kuunganishwa na televisheni, ambayo mteja aliileta kutengenezwa na hakuonekana tena. Ilikuja na CD moja tu, ya mchezo wa flipa. Gololi ya chuma inateremka kwenye meza yenye mwinuko. Chini kuna vikono viwili vya kuipiga irudi juu, na juu kuna vitu vya duara kama uyoga wa taa, vinavyoirusha huku na huku. Zihindula alimpa mke wake maneti, kile kishikio chenye vitufe vya kuchezea, ashike kwa mikono miwili. Gololi ikagonga uyoga wa kwanza, maneti ikatetemeka. Gisèle aliitupa na kujikuta uani.

Zihindula alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamfuata.

"Mama Bibiche, iko moteri kidogo mule ndani. Gololi ikigonga, inatetemeka. Isipogonga, inanyamaza. Ni hivyo tu."

Gisèle alisimama pale akiyafikiria maneno hayo. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mtetemo unatoka wapi na utakoma lini. Akarudi ndani, akaiokota maneti.

Tangu siku hiyo alicheza kila jioni. Alijifunza kuidaka gololi juu ya kikono na kuishikilia pale, imelala, huku taa zikimetameta, ili tu apate kusikia mikono yake ikiwa kimya. Gololi ikiwa kwenye uyoga, mikono inatetemeka. Ikilala, inatulia. Kupona hakupona, tusidanganyane, lakini malori yalipita naye akamaliza kuhesabu vidonge vya mteja.

"Mutu muzima na michezo ya batoto," mama Cibalonza alinung'unika chumbani. Halafu baada ya kitambo: "Uko nashinda?"

Jumapili moja, baada ya misa na sahani za bugali na samaki wadogo wa sambaza, Zihindula alikwenda kutazama antena ya rafiki yake mtaa wa pili. Mama Cibalonza akajilaza. Gisèle akaketi mkekani na maneti yake, mgongo ameipa chupa ya maji, jambo ambalo mwaka uliotangulia asingelithubutu. Gololi ilipanda ikaingia kwenye uyoga na kupigwa huku na huku; maneti ikamtetemekea mikononi naye akatabasamu. Ikashuka. Akaidaka kwa kikono cha kushoto, ikalala.

Mikono iliendelea kutetemeka.

Moteri imeharibika, alijiambia. Akangoja. Kwenye kioo cha televisheni gololi haikusogea hata unywele. Akaiweka maneti mkekani, na mtetemo ukampanda kutoka kwenye mkeka.

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na miguu yake yote miwili ilitaka kutoka. Ni mashine ya kusaga, akajipa moyo. Kisha akakumbuka kwamba Jumapili jirani hasagi. Akageuka. Maji yalikuwa yanacheza chupani. Akafungua kinywa apige kelele, na kiapo kikamrudia. Akilini akamwona tena mama Cibalonza amelala kizingitini na mguu wake umepinda. Akimshtua, ataanguka tena. Dakika ile alimchukia yule mama kwa usingizi wake, kwa ukaidi wake, kwa kitanda chake, na alitamani kukimbia peke yake. Hilo hakulificha baadaye.

Hakupiga kelele. Aliingia chumbani kwake. Vumbi la saruji lilikuwa linamwagika kutoka kwenye ufa, taratibu, juu ya mto.

"Mama, amuka. Tutoke."

"Ni nini tena?"

"Inchi inatetemeka."

"Ni ile mchezo yako."

"Mchezo nimeacha, mama."

Mama Cibalonza alimtazama usoni, kisha akatazama mikono yake mitupu. Akanyoosha mikono yake miwili. Gisèle alimbeba mgongoni kama mtoto, akajigonga bega kwenye fremu ya mlango, akapita sebuleni ambako chupa ilikuwa imeshaanguka, akatoka. Nyuma yao ukuta uliporomoka kwa kishindo kilichomfanya apige ule ukelele wake wa zamani, ukelele wote, mtaa mzima ukausikia.

Walikaa juu ya mawe meusi karibu na uzio. Majirani walikuwa nje wakimwita Yesu. Zihindula alikuja mbio na kiatu kimoja, akaona shimo palipokuwa na chumba cha mama yake, kitanda kimefunikwa na matofali.

Gisèle alikuwa bado ameshika mkono wa mama mkwe wake, na kitu kilikuwa kinatetemeka. Akatafuta kinatoka wapi, kama alivyozoea. Aliweka kiganja chini kwenye jiwe: kimya. Akauinua mkono huo, akautazama: kimya.

"Mama, ni weye."

"Ni miye," alisema mama Cibalonza. "Usiniache."

Baadaye kidogo Zihindula alipangusa uso, akasema kumetulia, ataingia mara moja tu kuchukua televisheni. Mama yake aliinua fimbo aliyokopeshwa na jirani, akamzibia njia.

"Hakuna mutu anaingia mule," alisema, "mpaka Gisèle aseme."