Usicheze na Mkono Huu

Jiwe la msingi liliniangukia mkononi tulipokuwa tukijenga upya ukuta wa nyumba yetu pale Mulongwe, baada ya mto kuubomoa. Mkono wa kuume. Kwenye kituo cha afya waliniwekea plasta, na siku walipoitoa, muuguzi alinikazia macho akasema, "Usicheze na mkono huu."

Nilitii. Niliufunga kwa kipande cha kitenge, nikaulaza kifuani, sikusogeza hata kidole kimoja. Wadogo zangu watatu, niliowalea tangu wazazi wetu walipofariki nami nikaacha shule, waligeuka askari. Nikigusa kikombe tu, yule wa mwisho anapiga kelele: "Yaya, usicheze!" Yaya, ndivyo wanavyoniita mimi dada yao mkubwa.

Nilipokuja kukifungua kile kitenge, wiki zilikuwa zimepita nyingi na vidole vinne vilikuwa vimesimama kama meno ya uma. Niliviamuru vikunjike. Havikunisikia.

Kituo cha afya kikanituma kwa kine, yule anayefundisha viungo kufanya kazi tena. Kijana mwenye utani.

"Dada, nani alikutuma kuzika mkono ungali muzima?"

"Muuguzi alisema nisicheze nao."

Alicheka mpaka akashika meza. "Alitaka kusema usiufanyie mzaha! Kukunja vidole si muchezo, iko kazi."

Mimi sikucheka. Alipasha moto kipande cha bomba la maji la plastiki, akakikunja kufuata mkono wangu, akafunga mikanda ya mpira wa ndani wa baiskeli ili ivute vidole kuelekea kiganjani. Ukiacha siku mbili, alisema, vinarudi vilikotoka. Basi kila asubuhi ni maji ya moto, kisha mkono wa kushoto unaulazimisha wa kulia mpaka machozi yanitoke. Nilikuwa nimefungwa ndani ya mwili wangu mwenyewe, na kosa lilikuwa neno moja.

Shangazi yetu wa Kavimvira hakutaka kungoja. Alituma ujumbe kwamba Jumapili anakuja kumchukua mdogo wa mwisho. "Mutu wa mukono moja atafulia nani?"

Alikuja na begi tupu la kutilia nguo za mtoto. Nilisonga bugali mwenyewe, mwiko nikiubana katikati ya viganja. Ukaiva vizuri. Shangazi alikula, akamega tena, nikaanza kupumua.

Kisha ikawa zamu yangu kula. Tonge lilimong'onyoka vidoleni, nikaokota, likamong'onyoka tena. Kutumia mkono wa kushoto mbele ya dada wa baba yangu, hapana.

"Weye hauli?"

"Nimeshiba, shangazi."

"Umeshiba nini? Sahani iko imejaa."

Hapo mdogo wangu akafinya tonge zuri, akalichovya kwenye mchuzi, akaniwekea mdomoni. "Kula, yaya."

"Kumbe ni mutoto ndiye anakulisha," shangazi akasema.

Hakumchukua siku ile. Alisema mtoto amalize kwanza mwaka wa shule, akalitundika lile begi kwenye msumari wa chumba chetu. Hakuna anayethubutu kuliondoa.

Sasa kidole cha shahada kinagusa kiganja. Cha kati kinakaribia. Viwili vya mwisho bado vimesimama, na kine ameacha kunitania juu ya hivyo. Shule inafungwa baada ya wiki tatu.