Kwani Alikuwa Anaendelea Wapi?

Nakumbuka siku moja ya flaski ya uji, mwanangu, na mpaka leo ikinijia najikasirikia upya. Nilikuwa nesi mpya katika chumba cha wagonjwa mahututi, hospitali moja huku Makueni, nikijiona najua kila mashine. Kwenye kitanda cha dirishani alilala mama mmoja wa Kilungu. Asubuhi hiyo daktari alituambia wauguzi kwamba dawa zimeshindwa, mama hafiki jioni, na mumewe akija atamweleza mwenyewe. Kisha akaitwa haraka chumba cha upasuaji.

Mumewe, mzee Kioko, akafika kabla daktari hajatoka. "Sista, mama anaendeleaje?"

Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikajibu, "Anaendelea."

Unalijua neno hilo. Ndilo kimbilio letu sote tuliovaa sare. Si uongo, si ukweli, ni uoga tu uliopigwa pasi. Mzee akafurahi! Akasema basi anarudi nyumbani kumpikia uji wa wimbi, maana akiamka atautaka. Ningeweza kumkimbilia hadi langoni. Sikukimbia.

Mama alikata roho saa saba mchana, mkono wake umeshikwa na mimi, mgeni. Saa tisa mzee akaingia na flaski kwapani. Nilipomweleza hakulia. Aliniuliza:

"Mwiitu, binti yangu, si ulisema anaendelea? Kwani alikuwa anaendelea wapi?"

"Pole, baba."

"Miaka arobaini nimekaa na huyu mama. Ungeniambia, hata leo ningekaa."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hiyo kilimuumbua nesi.

Sasa juzi nimeenda kumtazama shemeji yangu wodini, nikamsikia msichana wa zamu akimjibu mtu, "Anaendelea." Jamani! Bado tu? Na wewe uliyepata kazi ya unesi Kitui usinitolee macho. Najua utasema habari hiyo ni ya daktari. Sawa, ni yake. Lakini kusema, "Baba, hali ni mbaya, usiende mbali, daktari anakuja kuzungumza nawe," nani amekukataza? Mvutie kiti. Mpe mkono wa mgonjwa wake aushike. Mpigie daktari simu mpaka akuchoke. Akikukaripia, heri nusu shari kuliko shari kamili.

Haya, nenda kazini. Mungu akutie nguvu miguuni na ukweli ulimini, na siku yangu ikifika, akuweke wewe zamu, uwaambie watoto wangu wakae nami.