Madoa ya Mviringo

Kaa nikueleze habari ya picha ambayo nusura impotezee mtu kazi. Nitakwenda polepole.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi, nyumbani kwa shangazi yangu, hapa Maskati. Msichana wa kazi, Mganda, alisimama katikati ya majlisi, sebule ya wageni, kitambaa cha vumbi mkononi. Mezani palikuwa na picha aliyoiacha marehemu babu, iliyochapwa Uingereza karne ya kumi na nane: watu wamesongamana nje ya duka la picha, wanatazama dirishani wasichoweza kununua. Nguo zao nyekundu na buluu zilikuwa zimeingia madoa. Kioo chake kilipasuka kabla ya Idi, ikabaki wazi ukutani, kando ya mlango.

"Madam, mimi nilifuta fremu peke yake," alisema msichana.

"Na rangi kafuta nani, jini?"

Shangazi alikwisha kuipigia simu ofisi iliyomleta. Gari la kumrudisha lilikuwa njiani.

Nikaomba nafasi nieleze. Mistari ile myeusi, nilisema, fundi aliichonga kwenye bamba la shaba, akaijaza wino wa mafuta, akalifuta bamba juu, kisha akaligandamizia karatasi yenye unyevu. Maji hayaiondoi. Rangi ilipakwa baadaye kwa brashi, nayo ni ya maji. Mara nyingi waliopaka ni wanawake, wamekaa meza moja, kila mmoja na rangi yake. Jina la mchongaji liko pale chini, majina yao hayapo.

"Mwanangu, mimi nnauliza nani kaharibu, wewe unanipa darsa?"

Nikaiinamishia picha dirishani. Kitambaa kingeacha michirizi. Haya yalikuwa madoa madogo, ya mviringo, yametawanyika. Nikanusa, nikapata harufu ya marashi: jana yake shangazi mwenyewe alisimama mlangoni na mrashi, akiwanyunyizia marashi wageni wanaoaga.

"Nusa, shangazi."

Akanusa. Honi ikalia nje. Akajitanda mtandio, akatoka. Tulimsikia akimwambia dereva kwa Kiarabu arudi zake, kosa si la msichana, ni lake yeye mwenyewe. Aliporejea alimmiminia msichana kahawa kwa mkono wake.

"Weka hicho kitambaa, mwanangu. Kaa."

Nawe ukiwa na picha ya namna hii, itie kioo kwanza, kisha itundike mbali na mlango unaoagia wageni.