Kucha za Mheshimiwa Zilizokatwa Mshazari

"Paka hajagusa kochi!" bibi aliapa, mkono kifuani, na papo hapo nyuma yake kochi likatoa mlio: kwaruu.

Mkwewe alinyoosha kidole tu. Kwenye mgongo wa kochi la mahameli ya kijani, lililomalizwa kushonwa jana na ambalo mwenyewe angekuja kulichukua kesho asubuhi, paka alikuwa akining'inia kwa ukucha mmoja wa mbele, kama koti lililosahauliwa kwenye msumari.

"Anajinyoosha," bibi alisema.

"Mama, ananing'inia."

"Wengine hunyooka kwa kuning'inia. Tumeumbwa tofauti."

Mkwewe alimnasua paka, akamweka sakafuni, akapitisha kiganja juu ya mahameli. Uzi mmoja ulikuwa umechomoza, kitanzi kidogo kama sikio la panya. Ni mmoja tu, lakini mahameli ni kitambaa kisichojua kutunza siri. Ukikigusa asubuhi, mpaka jioni kila mtu anaona umekigusa wapi.

"Hiki ni kiti cha ngapi mwezi huu?"

"Cha pili."

"Mama."

"Cha nne, basi. Lakini kile cha ngozi tusikitie ndani. Ngozi ile ilikuwa imeshajichokea yenyewe, Mheshimiwa aliimalizia tu."

Mheshimiwa ndiye paka. Jina hilo alilipata kwa sababu hafanyi kazi yoyote, hapishi njia, na akiingia chumbani hutaka watu wasimame. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: meza ndefu ya kukatia, cherehani chini ya dirisha, mabunda ya sponji yaliyofika darini, na vumbi la pamba lililokaa kwenye nyusi za kila aliyeingia. Mkwewe ndiye fundi. Yeye ndiye aliyekaza mikanda, akapiga pini, akajua ubora wa sponji kwa kuikalia mara moja na kufumba macho. Kazi ya bibi ilikuwa mkasi. Kwa miaka arobaini alikuwa amekata vile vitambaa vyembamba vinavyozunguka kingo za makochi, na hakuna aliyemshinda. Akiwa anakata, mdomo nao ulikuwa kazini, na kwa kazi hiyo ya mdomo mtaa mzima ulimwita Bibi Chumvi. Kisa kikipita kinywani mwake hakikutoka bila kukolezwa.

"Nimeshampigia simu mtunza ghala la nafaka," mkwewe alisema, akisaka sindano iliyopinda kwenye kopo. "Anakuja mchana huu na boksi. Kule panya wamejaa tele na hakuna kochi hata moja. Atamstahi."

Bibi alimvuta Mheshimiwa karibu na miguu yake.

Si kwamba Mheshimiwa alikuwa na faida. Hata bibi mwenyewe, pamoja na kipaji chake chote cha uongo, hakuweza kumtungia faida. Lakini katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyesikiliza hadithi mpaka mwisho. Mtoto wake wa kumzaa alikuwa anakoroma kabla hadithi haijatoka nje ya mlango. Majirani walikumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria motoni. Na huyu mkwewe, mtu mwema asiye na kinyongo, alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: aliuliza ilikuwa mwaka gani. Mheshimiwa hajawahi kuuliza mwaka. Alikaa pale, macho nusu, masikio mbele, akimeza kila kitu. Akiondoka, bibi atamdanganya nani? Kuta? Kuta za nyumba ile zilikuwa zinajua ukweli mwingi mno.

"Si nilikuambia kucha zake niachie mimi?" bibi alisema.

"Ulisema, mama. Jumamosi. Ukasema wewe ulipokuwa msichana ulimkata chui kucha."

"Chui wawili."

"Jumamosi alikuwa mmoja."

"Wa pili alikuwa mkewe, alisubiri nje. Chui jike ana haya, haingii hovyo nyumba za watu."

Mkwewe alijing'ata midomo, akageukia dirisha kidogo, kisha akarudi na uso wa kazi. "Sawa. Ulizikata au hukuzikata? Na vile vikofia nilivyoleta kutoka kwa daktari wa mifugo viko wapi?"

Vikofia vyenyewe vilikuwa vidogo kama punje za mahindi, vya plastiki laini, vyekundu. Paka hukatwa ncha za kucha kwanza, kisha kila ukucha huvalishwa kikofia chake kwa gundi. Hapo akikwaruza, anakwaruza kama mtoto mchanga: nia anayo, silaha hana. Daktari alikuwa ameweka kumi kwenye pakiti, vitano kwa kila mguu wa mbele, na vingine kumi vya akiba, pamoja na karatasi ya maelezo. Mkwewe alitaka kumsomea bibi ile karatasi, bibi akaipokonya. Mimi? Nisomewe kukata? Nimeshika mkasi kabla hujaota meno!

"Viko mahali salama," bibi alisema, akiuvuta mkono wa kushoto chini ya aproni.

"Toa mkono."

"Una baridi."

"Toa mkono, mama."

Bibi akautoa polepole, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Kwenye gumba, kikofia kimoja chekundu kilikuwa kimeganda kwa gundi, kimesimama kama chunusi yenye majivuno. Mkwewe alilitazama gumba, akautazama uso, halafu akamwinamia karibu na sikio. Kingine kilikuwa kwenye nywele za kipajini.

"Tangu Jumamosi?"

"Nilidhani vitaanguka vyenyewe. Hiki cha kichwani jirani amekisifu."

Ikabidi aseme. Na kwa kuwa maji yalikuwa yameshamfika shingoni, siku hiyo hakutia chumvi hata punje.

Jumamosi mkwewe alipotoka kununua mikanda, bibi alimfunga Mheshimiwa ndani ya taulo, akamminya kidole cha mguu, ukucha ukachomoza. Mpaka hapo, hata chui angemsifu. Kisha akatazama karatasi. Maandishi hakuyajua, hakuwahi kuketi darasani hata siku ya mvua, lakini picha alikuwa anaziheshimu. Picha ilionyesha ukucha na mstari uliopita juu yake. Sasa, mwonyeshe mstari mtu aliyekata vitambaa vya ukingo miaka arobaini. Kwake yeye mstari ni chaki, na kitambaa cha ukingo hukatwa kwa kuulaza mkasi, mshazari, la sivyo hakipindi kwenye kona. Wanafunzi wangapi aliwapiga vidole kwa kukata wima! Basi akazikata kucha zote kumi mshazari, safi, zimelingana, kila moja na ncha yake. Akazipuliza. Akajipongeza kwa sauti.

Halafu ikaja gundi. Bibi si mchoyo. Kila kikofia alikijaza mpaka pomoni, kikafurika, na ndiyo maana gumba lake nalo likavaa. Vile vilivyomfika paka vilikaa mpaka alasiri, ncha zikavitoboa, na Mheshimiwa akavitema kimoja kimoja kama mtu anayekula samaki mwenye miba.

Mkwewe alimwokota paka, akauminya mguu, akausogeza dirishani penye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mama," alisema kwa upole, "hukumkata. Umemnoa."

"Nini?"

"Umemnoa. Jumamosi alikuwa paka. Sasa ni sindano kumi za kushonea magunia."

Bibi akasogea, akachungulia, akaona. Ncha zilikuwa zinametameta. Kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia, cha kujicheka mwenyewe, kile kinachoanza kwa aibu.

"Kumbe mahameli ameichana paka, lakini mwenye kiwanda ni mimi! Miaka yote hii nikidhani ujinga wangu nimeshaumaliza ujanani, kumbe niliuweka akiba." Akajifuta macho kwa aproni, na alipoishusha, kicheko kilikuwa kimeisha. "Sikiliza mwanangu. Yeye hana kosa. Mpe mtunza ghala mimi. Nitalala kwenye magunia. Panya nitawasimulia hadithi mpaka wasinzie, kisha naokota mmoja mmoja kwa mkia."

"Watakuuliza mwaka gani."

"Panya hawana maswali ya kijinga hivyo."

Mkwewe alicheka. Alicheka mpaka akakalia kiti kisicho na sponji, akainuka upesi. Akaichukua ile sindano iliyopinda, akaurudisha uzi wa mahameli ndani kidogo kidogo, akalisugua lile eneo kwa kidole. Likafifia. Ukijua lilipo unaliona. Usipojua, unaona kochi. Kisha akavuta kigoda chini ya dirisha, akatandika taulo mapajani.

"Lete pakiti. Daktari aliongeza vya akiba. Na gundi nipe mimi, wewe usiisogelee."

Bibi alileta mbio, mbio za umri wake.

"Tazama," mkwewe alisema, akiuminya mguu. "Unaona hii nyekundu kwa ndani? Huo ni mshipa, ukiukata anatoka damu, atauma. Unakata huku mwishoni tu, kidogo, wima. Siyo ukingo wa kochi, mama. Wima."

Tik.

"Gundi tone moja."

"Moja?"

"Moja. Hatujengi ukuta."

Kikofia kikaingia, kikakaa. Wakashika mguu ule wasiuachie mpaka gundi ishike, asije akauramba. Ukucha wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne Mheshimiwa alianza kukakamaa, mkia ukawa mnene kama brashi ya chupa, na mkwewe akasema bila kuinua macho, "Msimulie kitu. Anasikia wewe ukiongea. Analegea."

"Nimsimulie nini?"

"Chochote. Huyo chui."

Bibi akajikalisha chini kabisa, uso kwa uso na paka, akakohoa. "Basi chui yule aliingia jikoni akainamisha kichwa, akasema, shikamoo bibi. Nikamwambia, bibi ni nani hapa, mimi msichana wa miaka kumi na tatu! Akaona haya..."

Mkia ukashuka. Kikofia cha tano kikaingia. Mguu wa pili. Bibi alisimulia, mkwewe alikata, na kwa muda mrefu hakukuwa na sauti nyingine humo ndani ila hadithi na tik ya mkasi. Chui alikuwa ameshakatwa kucha za miguu mitatu, anatoa machozi kwa shukrani, ndipo mkwewe akasimamisha mkono.

"Na mkewe?" aliuliza. "Huyo aliyekuwa nje. Muda wote huo alikuwa anasubiri nini?"

Bibi alimtazama. Alingoja lile swali la mwaka. Halikuja.

"Mkewe," akaanza, sauti ikimtetemeka kidogo kwa raha, "mkewe alikuwa amekalia ndoo, kajifunika uso, na pembeni yake kaweka..."

Mlango ukafunguliwa. Mtunza ghala akaingia, kofia mkononi, begani boksi kubwa la kadibodi lililotobolewa matundu. "Hodi za watu wa kazi! Haya, yuko wapi huyo askari wangu?"

Bibi akafunga mdomo. Mheshimiwa akafungua macho yote mawili.

"Rudisha mlango polepole, kaka, utamshtua," mkwewe alisema, ameinamia ukucha wa tisa, gundi mkononi. "Boksi liache hapo chini ya meza. Litatufaa kwa vipande vya vitambaa."